Kugombezwa kwa Kishambaa

Wifi na wivu ni maneno yanayokaa jirani, na mimi niliyapata yote mawili siku moja. Kaka yangu alioa nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, nasomea uhandisi wa migodi. Niliporudi likizo nilimkuta mkewe jikoni, amekalia kigoda changu, anamenya viazi, yeye na mama wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nilipotokeza mlangoni kicheko kikakatika. Mama akainuka, akajifuta mikono kwenye kanga, akaniambia kwa Kiswahili safi, "Karibu, mwanangu. Pole na safari."

Karibu, eti. Kwetu, huku juu ya Mponde, milimani Usambara, Kiswahili ni cha shuleni, cha hospitali ya Bumbuli na cha mgeni. Jikoni ni Kishambaa. Mama alinilea kwa Kishambaa, alinichapa kwa Kishambaa, na matokeo ya kidato cha sita yalipotoka alilia kwa Kishambaa. Sasa ananikaribisha nyumbani kwetu kama bwana shamba aliyekuja kukagua kabichi. Na wifi, binti wa Singida, aliyeingia pale hajui hata kuomba chumvi kwa lugha yetu, ndiye aliyefundishwa mpaka akajua kutania.

Nilijua chanzo. Ni ufadhili. Nilipokuwa sekondari, kila nilichohitaji kilitoka kwenye shamba la chai la mama, na hakikutoka kimyakimya. Viatu vimeisha tena? Kwani unavila? Madaftari unawashia moto? Basi nikapata ufadhili wa wasichana wanaosomea migodi, na ukalipa kila kitu, kuanzia ada na malazi mpaka kofia ngumu na buti za kuingilia chini. Nikawa nikipiga simu sina cha kuomba, na mama hana cha kunisema. Majirani wakaanza kumwita Mama Injinia, na nadhani ndipo alipoanza kuniheshimu. Sikuitaka heshima ile.

Chuoni tulifundishwa jinsi ya kulizuia paa la handaki lisiporomoke na jinsi ya kupeleka hewa safi huko chini. Niliyapenda masomo yale na nilifanya vizuri. Lakini jioni, wenzangu wakinikuta nimejilaza bwenini nimenuna, walidhani ni hesabu zinazonitesa. Nilikuwa namuwaza wifi, saa ile yuko jikoni anaambiwa bada lake, ule ugali wa muhogo, limekuwa uji.

Mwaka wa tatu nilitoka mafunzo kwa vitendo, kwenye mgodi wa dhahabu Kanda ya Ziwa, nikapitiliza nyumbani. Asubuhi nikachukua kikapu nami nikachume chai. Mama alinikataza, akasema nipumzike, masomo yanachosha. Nikang'ang'ania, akakubali shingo upande.

Shambani aliwekwa wifi safu ya kwanza, karibu naye, mimi nikawa safu ya pili. Mama akaanza kumsema. Kwamba anaruka machipukizi kama kipofu, kwamba kikapu kakifunga kama mtu anayehama, kwamba kwao Singida kumbe watu huchuma kwa miguu. Wifi akajibu kitu kwa sauti ya chini, na mama akacheka huku bado anagomba. Mimi niko pale nasikia yote, kama mtu anayenusa chakula cha jirani. Nilimwonea wivu.

Basi nikaamua nami nigombezwe. Anayechuma chai huchukua majani mawili na chipukizi lake, na hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Nikaanza kung'oa majani mazee, magumu, pamoja na vijiti vyake. Mama akaja kuchungulia kikapu changu. Nikasubiri. Akatoa konzi moja ya yale mabaya, akayaangusha taratibu katikati ya miche.

"Si kitu, mwanangu," alisema. "Hii si kazi yako."

Angenizaba kofi ningemshukuru. Nikaendelea kuharibu, sasa kwa hasira.

Kwenye banda la kupimia, vikapu vyetu vitatu vilimiminwa kwenye gunia moja, la mama. Karani akachota, akatandaza majani kwenye kiganja, akatikisa kichwa. Chai yetu ikarudishwa tukaichambue yote upya, mbele ya majirani waliopanga foleni na ambao hawajawahi kuona chai ya mama ikikataliwa.

Mama akamgeukia wifi. Alimsema kwa Kishambaa kizito, kile cha bibi yangu, akamuuliza kama macho yake ameyaacha kwenye ungo, kama anataka kumvunjia jina lake kijiji kizima. Wifi alinitupia jicho mara moja tu. Angeweza kusema. Akainamisha kichwa, akachuchumaa, akaanza kuchambua.

Nikamsogelea mama, nikamwambia kwa Kishambaa kwamba majani yale ni yangu, na kwamba nimeyachuma makusudi.

"Najua," alinijibu, kwa Kiswahili. "Lakini wewe utakwenda huko kwenye dhahabu. Huyu ndiye atakayeniuguza."

Kisha akamrudia wifi, akaendelea kumgombeza kuanzia pale alipoishia, na mimi nikasimama nikisikiliza kila neno.