Kamba Mbili za Salumu

Jamani, aibu hii naitoa mwenyewe kabla Mbwiga hajaitoa, maana Mbwiga ni mtani wangu na akianza yeye ataongeza chumvi, na mkasa wenyewe ulivyo hauhitaji chumvi hata punje. Mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nilisimama katika uwanja wa shule mbele ya Akida na mbele ya akina mama wa milima yote hii nikiwa nimevaa koti la mtoto wa shule, limefungwa vifungo mpaka shingoni, na lilinikaa vizuri. Hapo penye kunikaa vizuri ndipo palipokuwa na balaa lote.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa mashaka. Mke wangu husema hata nikiletewa maji nainusa kata kwanza (ni kweli nainusa, na sijawahi kuumwa tumbo). Lakini mashaka yangu hayakutoka hewani. Wadachi walipoingia huku walisema wanataka tu kujua tuko wangapi, tukajitokeza, tukahesabiwa, haikupita muda tukaambiwa kodi. Safari nyingine wakasema wanaume wenye nguvu wajitokeze watazamwe tu, wakajitokeza, wakapelekwa kubeba vyuma vya reli huko Ngerengere, na wako wengine hatujawaona tena. Kwa hiyo mtu akiniambia serikali ina jambo dogo tu inauliza, mimi naanza kutafuta mlango wa uani.

Sasa kuna huyu Salumu, mtoto wa dada yangu Zena. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Baba yake atamlisha na atampenda, lakini likija neno zito mwenye kuamua ni mjomba, na mjomba ni mimi. Shemeji ndiye aliyetaka mtoto asome. Mimi nilikataa, nikakataa tena, mwisho nikakubali kwa sababu Zena aliacha kunisalimia. Salumu mwenyewe ni mwembamba na kifua chake si kizima. Kipupwe kilichotangulia alikohoa mpaka akawa hawezi kulala chali, mama yake akimwegemeza kifuani usiku kucha, na mimi nikaapa kwamba mtoto huyu haumwi tena hivyo nikiwa hai.

Basi mavuno ya mahindi yalipoanza shule ikafungwa watoto watusaidie mashambani, na siku moja mpiga mbiu wa Jumbe akapita na habari za shule kwa wenye watoto wote. Tukakusanyika. Akasema kipupwe kinakaribia, na shule inawajulisha kwamba wakati wa baridi watoto wataingia darasani jua likishatoka na si alfajiri. (Hapo nikajiuliza, toka lini wakatuonea huruma?) Akasema kila nyumba ipeleke mzigo wa kuni ili ukokwe moto darasani. Nikanong'ona kwamba basi wameanza, leo kuni kesho sisi wenyewe. Kisha akasema, na watoto watashonewa makoti mazito kwa mablanketi ya askari yaliyochakaa, bure, na kwa kuwa watoto wako nyumbani, kila mwenye mtoto ampime hukohuko kwa kamba mbili, moja urefu toka utosini hadi kisiginoni, nyingine mzunguko wa kifua, azipeleke kwa Bwana Mwalimu.

Watu wakafurahi. Mimi sikufurahi. Makoti, bure, ya nguo ya askari, halafu kamba? Nyinyi mnajua kwetu kamba inampima mtu lini. Inampima siku moja tu, amelala, hasemi, na wanaume wanakwenda na ile kamba makaburini ili shimo lisiwe fupi. Mtoto mzima anayekula na kukimbia, tena mwenye kifua kile, nimnyooshee kamba toka utosini hadi kisiginoni, halafu kamba yenyewe niipeleke kwa mtu nisiyemjua ukoo wake? (Mwalimu alikuwa mtu wa pwani, kanzu nyeupe, maneno laini, na mtu wa maneno laini mimi huwa namwangalia mikono.) Niliwatazama wenzangu wakitikisa vichwa kwa furaha nikaona nimebaki na akili peke yangu.

Zena akaniambia, "Kaka, mpime mtoto leo, wewe ndiye mjomba wake, nisije nikaambiwa nimejipimia mwenyewe."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitapima.

Na hapo ndipo nilipofanya kale kauamuzi kadogo. Kukataa kabisa nisingeweza, Jumbe angeniuliza. Kumpima Salumu nisingeweza, roho ilikataa. Nikasema moyoni, wao wametaka kamba, hawakusema lazima iwe na mtoto ndani yake. Zena alipokwenda mtoni na Salumu yuko shambani anafukuza ndege, nikaingia uani kwake, nikauchukua mchi wake wa kutwangia, nikaupima toka ncha hadi ncha, nikakata kamba. Kisha nikakizungushia kinu kamba ya pili, palepale kwenye tumbo, nikakata. Kama kuna shimo linachimbwa, nikasema, basi na uzikwe mchi, na kama kuna dawa inafanywa basi na kiumwe kinu. Nikaondoka pale nimejipenda kwelikweli.

Mwalimu alipozipokea zile kamba alizinyoosha, akazitazama, akanitazama mimi.

"Bwana Shomari, huyu ni Salumu yuleyule aliyeondoka hapa juzi?"

"Ndiye, Bwana Mwalimu."

"Mbona amenenepa hivi?"

"Mavuno yalikuwa mazuri," nikamjibu. "Amekula."

Akazifunga kwa karatasi yenye jina la mtoto, akaweka pamoja na nyingine. Lile neno langu la mavuno nililiona tamu sana. Laiti ningejua litarudi.

Kipupwe kikaingia. Ukungu ukashuka mpaka chini ya migomba, asubuhi mtu huoni jirani yako ila unasikia anakohoa, na Salumu naye akaanza, kidogokidogo, kikohozi kile kikavu ninachokijua. Shule ikafunguliwa, ikaja habari kwamba makoti yametoka kwa fundi mjini Morogoro na wote tufike tuyapokee, na kwamba Akida mwenyewe, mkubwa wa majumbe, atakuwepo. Nikaenda nimejiandaa kuona watoto wakifungiwa mahali. Hawakufungiwa. Waliitwa mmojammoja, mtoto akavalishwa, mama yake akamgeuza huku na huku, akacheka, wakarudi kukaa. Nikawa natazama makoti yale, mazito, mikono mirefu, na kila lililotoka lilimkaa mwenyewe, nami nikawa narudi nyuma ya watu taratibu kwa sababu nimeshaanza kuona kinachokuja.

"Salumu wa Zena."

Mwalimu akalinyanyua koti, likashuka, likaendelea kushuka. Upana wake ungetosha Salumu na wenzake. Watoto wakaanza kucheka, Salumu akasimama palepale katikati mikono imelegea, anatetemeka, akanitafuta kwa macho.

Akida, aliyekuwa kwenye kiti chake, akauliza hili ni la nani. Mwalimu akamwinamia akamweleza, na nikasikia neno mavuno. Akida akanitazama toka utosini hadi kisiginoni (naye alinipima, lakini kwa macho), akasema, "Wewe. Njoo livae."

Sasa mnaniona nilivyo. Ni mfupi, na Mungu alipoanza kunitengeneza alianzia tumboni. Nikalivaa. Mikono ikafika panapotakiwa, vifungo vikafunga bila kuvuta, chini likaishia vizuri, na niseme kweli kwa kuwa nimeamua kusema kweli, lilikuwa la joto, jamani, joto ambalo sijalijua tangu nizaliwe. Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema polepole, "Kumbe alijipima yeye."

Hapo ndipo nilipoona mashaka yanavyokuwa yakikugeukia. Watu niliozaliwa nao walinitazama kama ninavyomtazama mwalimu. Koti la serikali, mtoto wa dada yake anakohoa, mjomba kajishonea. Akida akasema maneno machache na hakupandisha sauti. Kwamba mimi nitashuka naye bomani nikaonje kiboko, na huyo mtoto ambaye nyumbani kwao ni wezi afutwe shule, nafasi yake apewe mwingine.

Kiboko nilikiogopa, sikatai. Lakini nilipomwona Salumu amejikunja na Zena amejifunika uso kwa kanga, nikajua nina mambo mawili tu. Ama ninyamaze niitwe mwizi na mtoto aondoke nami, ama niseme niliyoyafanya, na niliyoyafanya, nilipoyafikiria pale mchana kweupe nikiwa ndani ya koti, hayakuwa ya kusemwa na mtu mwenye ndevu.

"Shikamoo Bwana Akida," nikaanza upya, ingawa tulikwishasalimiana. "Sikujipima mimi. Nilipima kinu."

"Kinu gani?"

"Cha dada yangu, bwana. Na mchi wake."

Akaniuliza kwa nini mtu apime kinu. Ikabidi nieleze yote, kamba, makaburi, shimo, dawa, mbele ya watu wote, na kila nilipofika mahali nikitaka kuparuka mwalimu aliniambia hebu rudia, hatukusikia. Akida hakuamini. Akasema vizuri, kiletwe hicho kinu. Akina mama wawili wakaenda na Zena, tukangoja katika ukungu, mimi na koti langu, mpaka wakarudi wamekibeba wakihema, wakakitua katikati ya uwanja na mchi ndani yake. Mwalimu akanivua koti (baridi iliyoniingia pale naikumbuka), akalivalisha kinu, akasimamisha mchi, akafunga kifungo cha chini, cha kati, cha juu. Lilikikaa, nadhani lilikikaa kuliko mimi.

Halafu Mbwiga, ambaye ukoo wake ndio unaotuzikia wafu wetu, akatoka kwenye umati ameshika kichwa, akajitupa chini mbele ya kile kinu akaanza kulia kama anavyolia msibani. "Ndugu yetu kinu, umetutoka ukiwa na unga tumboni. Nani atamtwangia Shomari, na tumbo lile?" Uwanja mzima ukaanguka. Wanawake walikaa chini. Akida alijitahidi, akageuza uso, mabega yakamsaliti. Zena peke yake hakucheka. Alinijia karibu akasema, "Kaka, umempimia mwanangu kaburi kwenye kinu ninachomtwangia?"

Hukumu ikawa hivi, mtoto abaki shule, koti lirudi kwa fundi likapunguzwe, na mimi nipeleke kuni za kukoka moto darasani kila asubuhi mpaka kipupwe kiishe. Watu walinipigia makofi nilipokuwa naondoka, makofi ambayo nisingependa kuyasikia tena.

Siku zile za kungoja koti ndizo zilizoniuma, si kicheko. Wenzake wote walikuwa ndani ya joto na Salumu anakohoa ndani ya shuka, kwa sababu ya ujanja wangu. Nilimpa blanketi langu, nikawa nalala nimeukumbatia moto. Alfajiri nilipanda na kuni, nikaukoka moto mimi mwenyewe, nikamweka yeye karibu, halafu nikasimama mlangoni kuangalia (si kwamba niliamini, niliangalia tu) wanawafundisha nini. Koti likaja. Fundi alikuwa amelikata vizuri, na kipande kilichobaki akakishona kikofia kidogo, akakituma na salamu kwamba ni cha mchi. Zena alikikubali. Kinu chake siku hizi kijiji kizima kinakiita Mwanafunzi, na kinapotwangiwa utasikia mtu anapita njiani anauliza kama kimefaulu.

Salumu alilivaa lile koti akakaa nami motoni, kikohozi kimeanza kulegea, akasema, "Mjomba, ulitaka kinu kizikwe badala yangu?"

"Ndiyo."

"Basi asante, Mjomba."

Nikageukia kuni nikazipuliza kwa nguvu, nikasema moshi umeniingia machoni.

Kwa hiyo nimeapa, na nyinyi ni mashahidi, kwamba sitapima tena kinu, mchi, wala kitu chochote kisichopumua nikakiita mtoto. Nikiwa na shaka nitaiuliza mchana, mbele ya watu, na jina langu. Na nimeshaanza. Vifungo vya koti lile ni vya shaba, vilitoka kwenye nguo za askari, na kila kimoja kimechorwa yule ndege wa serikali ya Wadachi, mwenye kucha ndefu, amekunjua mabawa. Juzi nilipopeleka kuni nikamwuliza Bwana Mwalimu, kwa adabu, watoto wote wakinisikia, ndege yule anatafuta nini kwenye kifua cha mpwa wangu. Alikitazama kifungo, akanitazama mimi, akaingia darasani. Bado nangoja anijibu.