Usemi wa Mke Mwenzangu

Zamani nikiuza nyanya kando ya barabara kuu hakuna mtu aliyeniambia niwe na matumaini. Sikuyahitaji. Nilikuwa na beseni langu, matuta yanapunguza mwendo wa mabasi ya Mbeya, dirisha likifunguliwa nanyoosha mkono. Matumaini nilianza kuhubiriwa siku waliyotuhamisha.

Kijiji chetu kiko kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni. Sitakitaja, na waliotuhamisha sitawataja, ingawa majina yao ninayo yote, na ya baba zao. Walisema tunakaa karibu mno na lami, lori litatumaliza. Hilo sikatai, lori linaua. Lakini soko walilotujengea wakalipeleka nyuma ya mashamba ya mahindi, mahali ambapo basi haliwezi kufika hata likipotea njia. Paa zuri, meza za saruji, na wateja hakuna. Mwenye nyanya anamtazama mwenye nyanya. Mimi nina shamba moja tu, na nisipouza sili. Nyanya ikishaiva haijui kwamba mkutano wa kulalamikia soko umeahirishwa. Zangu zilianza kutoa maji chini ya beseni.

Meza ya pili alikaa mke wa mjukuu wangu. Mjukuu alikwenda Msumbiji kuchimba mawe ya thamani, mawe hakuyapata, akarudi na mke. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, kwa hiyo huyu binti ni mke mwenzangu, na tunataniana hivyo mbele za watu. Kiswahili chake kilikuwa bado kinachechemea. Kireno, alichosoma shuleni kwao, kinamtiririka.

Siku hiyo alikuwa anachambua nyanya, zilizooza anatupa kwenye ndoo, huku ananong'ona.

"Unaniloga, mke mwenza?" nikamuuliza.

"Nikuloge nimpate nani, bibi? Mume tayari ninaye."

Wanawake wakacheka. Akaniambia ni usemi wa kwao wa Kireno, wa wakati wa shida. Nikamtaka anifundishe. Ni maneno machache, lakini yanapitia puani, nami meno ya mbele sina. Tulirudia na kurudia, watu wanatucheka, mpaka nikayashika. Ndipo nikauliza maana. Akanieleza kwamba ni habari ya tumaini: mtu hata akipoteza vyote, hilo bado analo.

Nikakasirika kweli. "Ofisa wa masoko anatuambia matumaini, mchungaji matumaini, na wewe umevuka mpaka kuniletea hayo hayo?"

Hakuudhika. Aliendelea kuchambua. "Mama yangu alikuwa anausema mafuriko yalipobeba nyumba yetu," akasema. "Lakini alikuwa anasema huku anakanda udongo wa kujenga nyingine. Akikaa, hausemi."

Neno lile lilinikaa.

Siku chache baadaye ofisa wa masoko akaja na gari kutoka wilayani, tukaitwa mkutanoni palepale sokoni. Mtu alishampenyezea habari kwamba kuna bibi anajua Kireno. Akanisimamisha niuseme, mke mwenzangu akaulizwa maana, akaitoa. Yule bwana akapiga makofi. "Mnaona? Hata Msumbiji wanalijua hili. Kaeni hapahapa, muwe na subira, wateja watapazoea."

Yaani mtu kanyang'anywa nyumba na maji, kaliokota neno matopeni, halafu huyu analichukua atukalishe nalo.

"Mwanangu," nikamwambia, "huo usemi si wako. Kwao unasemwa na mtu aliyeshika kazi. Wewe unatuambia tukae. Nani atazila hizi zinazooza?"

"Bibi, tulia. Utaratibu upo."

"Utaratibu unao wewe. Mimi nina nyanya."

Nikamtwisha mke mwenzangu beseni, mimi nikabeba ndoo ya nyanya nzima, tukatoka yeye bado anaongea. Tukarudi barabarani, tukakaa nyuma ya mtaro, mbali na lami kuliko zamani, wasipate la kusema. Hatujapumzika, mgambo akafika. Ni kijana wa jirani yangu.

"Shikamoo, bibi. Nimetumwa niwaondoe."

"Marahaba. Umeshamwondoa nani leo?"

"Bado."

"Ngoja kwanza, lile basi linakuja."

Basi la Mbeya likapunguza mwendo, likasimama. Mama mmoja akatoa kichwa dirishani akaulizia nyanya. Nilikuwa nimekaa mbali mno, na kuruka mtaro siwezi tena. Mke mwenzangu alikuwa ameshakimbilia dirisha la nyuma. Mgambo akatazama huku na huku, akaichukua ndoo mikononi mwangu, akavuka nayo, akamwinulia yule mama.

Kesho yake tulikuwa wengi nyuma ya mtaro. Mpaka leo hatujaruhusiwa wala hatujafukuzwa. Kwenye meza zao za saruji wanalala mbuzi. Hao wa wilayani tumewaambia, na nitawaambia tena wakiniita: leteni paa lile hapa, nyuma ya mtaro, mchimbe na mahali basi litakapoegesha salama. Wanajibu kwamba ombi letu linafanyiwa kazi. Ofisa akipita na gari lake, akifika kwetu hupandisha kioo. Nami huinua beseni juu, alione vizuri.