Viti vya Kanisa Katika Hoteli ya Mama

Bado nina hasira, na ninaiandika kwa sababu mbele ya watu mdomo wangu hujifunga wenyewe.

Siku hizi sukari imewalewesha watu huku Butali. Trekta za miwa hupita mchana kutwa, na kila mwenye ukuta wa kuegemea amefungua biashara. Mama alikuwa na hoteli. Naiita hoteli kwa sababu ubao ulisema hivyo. Kilikuwa chumba kimoja cha mabati, meza ndefu na mabenchi mawili, na wakata miwa ndio walikulanga hapo. Karo yangu ya sekondari ilitoka hapo, si penginepo.

Likizo ya Agosti tangazo likabandikwa kwa chifu: kuanzia Januari, kila hoteli italipa kodi mpya kulingana na idadi ya viti. Afisa angekuja kukagua. Nilikimbia nyumbani.

"Mama, watahesabu viti. Tubaki na mabenchi yetu."

"Na mtu wa serikali atakaa wapi? Kwa benchi la masizi?"

"Akae hapo hapo."

"Hiyo shule inakufundisha madharau tu."

Mama akaazima viti vya kanisa, vile vya kukunja, tukavibeba vichwani. Akaazima na kitambaa cha meza cha akina mama wa kanisa. Siku ya ukaguzi wakata miwa walisimama mlangoni wakishangaa.

"Ni arusi ya nani?" mmoja akauliza.

"Keti polepole," mwenzake akamwambia. "Hicho ni cha mzee wa kanisa. Ukimwaga mchuzi hapo umelaaniwa."

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Afisa alifika saa ya chakula, kijana tu, shati jeupe. Mama akamchinjia ingokho, jogoo wetu wa Krismasi, akamwekea firigisi juu ya sahani, kipande ambacho kwetu hapewi mtu ovyo. Nilipiga goti nikamnawisha mikono.

"Biashara inaendaje, mama?"

"Tunamshukuru Mungu, mwanangu. Watu wanajaa."

Ndivyo tunavyojibu. Hata jino likikuuma usiku kucha, mgeni akikuuliza habari unamshukuru Mungu. Yule kijana alikula mpaka mifupa ikang'aa, akajifuta mdomo kwa kitambaa cha akina mama wa kanisa, kisha akaanza kuelekeza kijiti cha meno kwenye viti, kimoja kimoja, midomo ikichezacheza.

Barua ilipokuja, tulikuwa tumewekwa daraja moja na hoteli za ghorofa za Kakamega mjini. Kodi yenyewe ingekula faida yote na karo yangu pamoja. Nilitaka kumwambia mama, si nilikuambia? Nilimeza. Nilimkasirikia yeye pia, na sitaandika uongo hapa.

Tulienda ofisini kwa yule afisa. Mama akaanza na salamu, habari za nyumbani, watoto hawajambo, na foleni nzima nyuma yetu inasikia. Mimi ambaye darasani hata jina langu nalitaja kwa kunong'ona, nikapasuka.

"Viti vilikuwa vya kanisa! Muulize mchungaji!"

Afisa aliinua macho. "Kwa hivyo mama yako aliidanganya serikali?"

"Hapana, bwana," mama akasema. "Nilikupokea."

"Sikuomba kupokewa. Niliandika nilichoona."

"Na kuku?" nikauliza. "Kuku ulimwandika?"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Afisa akaita, "Anayefuata!"

Njiani mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alitembea mbele yangu na mkoba kwapani, akisalimia kila tuliyepishana naye, kwa sauti ile ile ya siku zote.

Kabla ya Januari aliuteremsha ubao mwenyewe, akauza meza. Sasa tunapika uji kando ya barabara, na wakata miwa wanakunywa wamechuchumaa. Uji haulipi karo. Ningekuwa na nguvu ningemrudia yule kijana nimtukane kwa Kiluhya, maana kwa Kiswahili matusi yangu hayatoshi.

Shule imefunguliwa juma hili. Mimi niko hapa nachochea moto, na mama hajanitazama usoni tangu asubuhi.