Mhariri wa Sebuleni

Nilicheka kwenye kikao cha kumkumbuka mke wangu. Si tabasamu, kicheko kabisa, kile kinachotokea puani na kukataa kuzibwa na leso. Mkurugenzi alikuwa amesimama mbele ya rafu za vitabu pale ofisini, karatasi nne mkononi, anasoma kwamba marehemu, katika miaka yake ishirini na miwili ya uhariri na tafsiri, hakuwahi kubadilisha maana ya mtu hata chembe. Wafanyakazi wote wakanigeukia. Mhasibu akanishika bega, akidhani uchungu umenipanda kichwani. Nikaomba radhi, nikatoka nikasimama kwenye ngazi mpaka zile karatasi nne zikaisha. Mke wangu angezikata zikabaki moja, na hiyo moja angeirudisha na maswali.

Tuelewane. Ya ofisini mkurugenzi aliyasema kweli, ingawa kwa kuzunguka sana. Kampuni yetu inachapa vitabu kwa lugha mbili, Kiswahili na lugha ya kwetu, na mtu pekee aliyezijua zote mbili mpaka uvunguni alikuwa yeye. Kiswahili alizaliwa nacho. Lugha ya kwetu aliiokota utotoni, baba yake alipohamishiwa kule kufundisha, akaipata kwa kucheza na kugombana na watoto wa jirani. Mama yake aliishi kulekule miaka tisa mizima akarudi na maneno matatu: njoo, hapana, na bei gani. Huyo mama mkwe wangu mumweke akilini, maana hadithi yenyewe ni yake na ya mama yangu.

Mimi ni mpiga chapa. Tulijuana siku aliposhuka chumba cha mitambo, penseli ya kijani nyuma ya sikio, akaniamuru nizime mashine. Nikamwambia karatasi elfu tatu zimeshapita. Akasema basi ni elfu tatu za kufungia karanga. Kisa? Kwenye ile hadithi mjane alifunga mlango kwanza ndipo akalia, na mtafsiri fulani aliyekodishwa nje, kwa uvivu wake, alikuwa ameuacha mlango. Nilimuuliza mlango mmoja una nini cha kusimamisha kazi ya siku nzima. Akanitazama kama mtu anayetazama doa. Akasema huyo mama hakutaka kuonekana akilia, na bila mlango sasa mtaa wote unamwona. Nikazima mashine. Nilikasirika mpaka jioni, na kufikia jioni nilikuwa nimeshakwisha, namuulizia anakaa wapi.

Waandishi walimwogopa. Yupo mmoja tuliyemwita Bingwa kwa sababu mwenyewe alijitambulisha hivyo, analeta miswada ya kurasa mia sita iliyofungwa kwa kamba. Mhariri, na hilo ndilo jina tulilomwita wote, hata mimi nyumbani, alimrudishia ukurasa baada ya ukurasa wenye maneno mawili pembeni kwa penseli ya kijani: ulikusudia nini? Bingwa anakuja amevimba. Mhariri anampa kiti, anamwambia haya, niambie kwa mdomo. Bingwa anasema kwa sentensi moja kile alichokiandika kwa kurasa tatu. Anaambiwa, basi andika hiyo. Alizunguka mji mzima akilia kwamba mwanamke yule amemchinjia kitabu, na kitabu kilipotoka akakibusu mbele za watu. Kwenye kikao cha kumbukumbu alikuwepo, kavaa suti, anaeleza jinsi alivyomlea marehemu kikazi. Shukrani za waandishi hizo.

Sasa twende nyumbani, huko ndiko kicheko changu kilikotoka.

Mama yangu alikuja kwetu kutibiwa macho, wiki mbili tu. Mama mkwe aliposikia mama yangu kaja, naye akagundua ana magoti. Wote wajane, wote na ndimi za kukata. Hizo wiki mbili zimefika miaka kumi na moja. Mama yangu hajui Kiswahili zaidi ya salamu, na maneno matatu ya mama mkwe nimeshawatajia. Sebuleni tukaweka viti viwili vya mikono karibu na dirisha, na katikati kigoda. Kigoda kilikuwa cha Mhariri. Akitoka kazini anavua viatu, anakaa pale, na kazi ya pili inaanza.

Siku ya kwanza mama yangu alionja chai, akaweka kikombe chini, akasema kwa lugha ya kwetu, "Mwambie mama yako hii aliyokufundisha si chai, ni maji ya kuoshea vikombe." Nilikuwa mlangoni. Nikakaza masikio, maana namjua mke wangu, mwanamke aliyetupa karatasi elfu tatu kwa ajili ya mlango. Akamgeukia mama yake, uso mkavu kabisa, akamwambia kwamba mkwe wake anasema chai ya leo imemkumbusha nyumbani. Mama mkwe akafurahi. Akasema, haya, na wewe mwambie kwamba mwanawe ananuka wino mpaka kwenye mito, sijui unalalaje. Mhariri akamwambia mama yangu kwamba bidii ya mwanawe kazini imesifiwa.

Nilimvuta jikoni nikamuuliza ndiyo nini ile. Akasema ni tafsiri. Nikamwambia ile si tafsiri, ile ni uongo wa mchana kweupe. Akanijibu kwamba mama yangu alikusudia kusema amechoka na anapakumbuka kwake, na mama yake alikusudia kusema anaogopa binti yake hapati usingizi wa kutosha. Kwamba walichosema ni kingine, hayo ni makosa ya waandishi. Na akarudi kwenye kigoda chake na sinia la vikombe.

Basi ikawa hivyo, kila jioni ya Mungu. Matusi yanaingia sikio hili, yanatoka mdomoni yamenyooshwa pasi. Wale wazee wakapendana. Kila mmoja alijua amemwaga sumu yake yote, na kila mmoja alistaajabu mwenzake anaipokea kwa upole wa ajabu. Mama yangu akaniambia siku moja kwamba huyo mkwe wake si mtu wa kawaida, ukimtukana anakuombea. Wakaanza kushoneana vifungo, kukumbushana dawa kwa vidole, kugombea dirisha liwe wazi au lifungwe. Mimi nilikuwa naelewa lugha zote mbili na nilikuwa nakufa kwa kicheko nyuma ya gazeti.

Lakini kuna siku sikucheka, na hii naisema kwa sababu nisipoisema hadithi yote haina maana.

Hatukujaliwa mtoto. Mwaka wa tatu wa ndoa tulikwenda kupima, daktari akatuwekea karatasi mezani, akatueleza taratibu kama anayeongea na wagonjwa wa moyo. Kasoro ilikuwa yangu. Mhariri aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mkobani, akasema twende, ana kurasa za kumaliza. Hakuitaja tena, si kwangu, si kwa ndugu. Sasa jioni hiyo mama yangu alikuwa ametoka kusikia binti wa jirani kajifungua mapacha. Akamwambia Mhariri, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwambie mama yako alinipa tasa."

Mhariri alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini. Akamgeukia mama yake akasema mkwe wako anauliza magoti yanaendeleaje leo. Mama mkwe akasema, "Mwambie Mungu ambariki kwa kuniwaza." Hilo Mhariri alilitafsiri lilivyo, neno kwa neno, na mama yangu akabaki kinywa wazi.

Na mimi, mwanaume mzima, mwenye karatasi ya daktari jina langu juu yake? Nilifunua ukurasa wa gazeti. Lilikuwa gazeti la juzi. Ningeweza kusema sentensi moja tu, na ningeisema kwa lugha niliyonyonya nayo ziwa. Nilinyamaza siku ile, na mama aliporudia, kwa sababu alirudia, mara kwa mara, miaka mingi, nikanyamaza pia. Mhariri aliuliza habari za magoti mpaka mama mkwe akaamini hakuna mtu duniani anayejali magoti yake kama mama yangu.

Alipougua aliugua haraka. Wodini alikuwa na penseli yake, anasahihisha tangazo la saa za kutembelea wagonjwa lililobandikwa ukutani juu ya kitanda, na muuguzi akamwachia tu. Siku moja kabla hajatuacha akanishika mkono akasema, "Wale wawili usiwatenganishe." Nikamwambia nitawezaje, mimi si mhariri, mimi wa kubonyeza mashine. Akasema nitafsiri wanachokusudia. Kuhusu ile karatasi hakusema kitu, na mimi, mpaka hapo, sikuuliza.

Wiki tatu baada ya mazishi, kesho yake tu baada ya kile kikao cha kumbukumbu, shemeji yangu, kaka yake Mhariri, akaja na gari kumchukua mama yake. Alikuwa na hoja. Binti hayupo tena, mama anakaa kwa nani? Sanduku la mama mkwe lilikuwa tayari mlangoni. Mama yangu aliliona sanduku kabla ya kumwona mgeni. Nilijua mama mkwe akipita ule mlango, mama yangu hatamaliza mwaka, na nyumba nitabaki nayo peke yangu na viti viwili. Nikakaa kwenye kigoda. Magoti yalinifika kidevuni, sijui mwenzangu alikuwa anakaaje pale.

Mama mkwe akasema nimwambie mama yangu kwaheri, na nimuulize kama ana neno.

Mama yangu alikuwa nalo. Aliongea muda mrefu, machozi yanamtiririka, hata kuyafuta hafuti. Alisema miaka kumi na moja alimwita marehemu tasa, mbele ya mama yake mzazi, tena akamfanya yeye mwenyewe alipeleke neno. Alisema mwenzake hakuwahi kumjibu ila kwa baraka, na hizo baraka sasa zinamchoma. Kama mkwe wake anaondoka kwa sababu hiyo ana haki, lakini amwambie kwanza kwamba amemsamehe.

Shemeji akaangalia saa. Mama mkwe akaniangalia mimi. Nikatafuta kusudi la mwandishi, kama nilivyoagizwa, nikalipata, nikasema, "Anasema ubaki."

Mama mkwe akakunja uso. "Ameongea kutwa nzima, analia hivyo, wewe unanipa maneno mawili? Mwanangu hakuwahi kunipunguzia neno."

Kile kicheko cha ofisini kilinipanda tena mpaka kooni, kikafika pale kikageuka. Nilijua naweza kutunga. Nilikuwa na mfano wa miaka kumi na moja, naijua njia yote. Ningesema mama anakumbuka magoti yako, na sanduku lingerudi chumbani, na mimi ningerudi kwenye gazeti langu.

Nikasema yote. Nilimwambia mama mkwe kila neno la mama yangu, na lile neno lenyewe nikalitamka. Akauliza ni lini mwanawe alitamkiwa hivyo, mbona yeye hakusikia. Nikamweleza habari za magoti. Alishika mkono wa kiti, na shemeji akainuka kulifuata sanduku, akisema sasa ndiyo tunaondoka. Nikamwomba asubiri, bado sijamaliza. Nikasema kwa Kiswahili, halafu nikamgeukia mama nikasema kwa lugha ya kwetu, neno kwa neno, kwamba mwenye kasoro ni mimi. Daktari aliandika. Nilijua, na kila mama aliposema nilikuwepo chumbani.

Mama yangu alinitazama mpaka nikatamani anizabe kofi. Mama mkwe akainuka kwa taabu, akishika magoti yake hayo mashuhuri, na nikajua ndiyo anaondoka, nimeshindwa hata kwa agizo moja. Akanigusa bega kwa kidole. Aliniambia niondoke kwenye kigoda cha mwanawe. Nikaondoka. Akakaa yeye, akaushika mkono wa mama yangu, na bila kunitazama akamwambia shemeji arudishe sanduku chumbani, akaniambia mimi nikachemshe chai.

Hajaondoka mpaka leo. Kila jioni nikitoka kazini nawakuta pale dirishani, wananisubiri, na wana habari zangu. Mama yangu anaanza: mwambie mkwe wangu nilizaa mwoga. Mama mkwe anajibu: mwambie mama yako mwoga ana nafuu, huyu ni gogo linalosoma gazeti. Na mimi nasimama katikati, maana kukaa kwenye kigoda siruhusiwi, namtafsiria huyu, namtafsiria yule. Mhariri angekata nusu. Mimi sikati.