Chini ya Daraja la Matofali

Leo wamekausha mfereji wa mashua za watalii ndani ya jengo la maduka ninalolinda hapa Doha, na tope lake linanuka kama mfereji wa kiwanda cha sukari kule nyumbani. Wakati ule wazazi walikuwa wameshazikwa, nami nimeacha shule, nasukuma kwa upondo mashua nyembamba ya kubebea miwa. Wadogo zangu wawili walikaa juu ya mzigo. Siku hiyo maji yalikuwa yamepanda, na mkondo ukatuvuta kuelekea daraja la matofali, ambalo sasa lilikaribia kugusa maji.

“Laleni!” nikawapigia kelele.

Mdogo wangu wa kike akalala. Kitindamimba akabaki ameketi.

“Wewe si mama.”

Nikaachia upondo, nikamwangukia. Matofali yakanikwaruza mgongo gizani. Tulipotoka juani, alikuwa amening'ang'ania shingoni, macho ameyafumba.

“Haya, nimelala,” akasema.