Mlinda malango wa diski: Kache wa Garsen na simu ya mwisho

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Kache Kalama bado hajakaa. Kiti chake kipo, kimesogezwa mezani tayari, lakini yeye anakizunguka kama mtu aliyeambiwa kimepakwa rangi ambayo haijakauka. Anachungulia dirishani, anairudia kompyuta, anainama, anaweka kiganja juu ya kasha lake na kusikiliza.

Kinachomshughulisha ni taa nyekundu iliyo mbele ya kasha hilo, ndogo kama punje ya mtama. Ikipepesa, diski inapumua. Ikiwaka mfululizo bila kukatika, diski imezidiwa, na kila kazi iliyomo ndani ya mashine inangoja zamu.

"Kaa kitako, mwanakwetu, wanizungusha kichwa," Salama, mzaliwa wa Kipini ambaye hupokea simu katika ofisi hii, anamwambia.

"Nitakaa."

"Hilo ulilisema tangu chai."

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja mjini Garsen, mali ya shirika dogo la kijamii linalowatumia wakulima na wafugaji wa delta ya Tana tahadhari za mafuriko. Vipimo vilivyofungwa mtoni hutuma habari za kina cha maji. Kompyuta huzipokea, na kina kikivuka kiwango kilichowekwa, hutuma ujumbe mfupi kwa simu 1,846. Kompyuta iyo hiyo huhifadhi barua za ofisi, na pia huunganisha maelfu ya picha za mashamba zilizopigwa kutoka angani, ambazo wafadhili huzihitaji kwa ripoti zao.

Kazi zote hizo husoma na kuandika kwenye diski moja. Kache, fundi mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu, ndiye aliyepewa jukumu la kuhakikisha kwamba hakuna kazi inayoinyima nyingine nafasi. Hulipwa shilingi 24,000 kwa mwezi, na anasema kwamba hata angelipwa mara mbili ya hizo, usingizi wake usingeongezeka.

Usingizi huo ulimtoka Aprili mwaka jana.

Siku hiyo kipimo kilivuka kiwango saa nne asubuhi, na kompyuta ikaanza kutuma ujumbe bila kuambiwa na mtu, kama ilivyopangiwa. Mkuu wa ofisi, Reuben, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi na ambaye hadi leo huitwa Mwalimu na kila mtu, aliusoma kwenye simu yake saa nne kamili. Akafurahi. Akaamuru kazi ya picha iendelee, kwa sababu wafadhili walikuwa wakiingoja ripoti.

Asubuhi ya pili mfugaji mmoja wa Kiorma aitwaye Diba aliingia ofisini, tope limekauka miguuni mwake hadi magotini. Hakusalimu. Aliiweka simu yake mezani mbele ya Kache.

"Mama ya komputa, soma hii."

Kache akasoma kwa sauti: "Maji yanakuja. Hamisha mifugo sasa."

"Mimi nasoma hiyo, maji iko hapa." Diba akagusa goti. "Ng'ombe inaniangalia. Niambie ng'ombe nini? Niambie, ngoja kidogo, komputa bado inakunywa chai?"

Maji yalikuwa yamefika kwenye malisho yake saa nane mchana. Ujumbe ulimfikia saa tisa kasorobo. Ndama kumi na saba walisombwa.

"Ikichelewa tena, hii namba yenu natupa," alisema alipokuwa akiondoka. "Na wale arobaini tunachunga nao wanatupa. Tutaangalia mto kwa macho yetu."

Mwalimu Reuben hakuamini. "Mbona mimi niliupata saa nne?" aliuliza, na alikuwa akisema kweli tupu. Namba yake ndiyo ya kwanza katika orodha. Ya Diba, aliyejiandikisha baada ya watu wote, ndiyo ya 1,846.

Kache alipozichunguza kumbukumbu za mashine, aliona jambo lilivyokwenda. Kila baada ya kutuma ujumbe mmoja, kompyuta huandika kwenye diski kwamba namba fulani imetumiwa, ndipo iendee namba inayofuata. Kwa kawaida uandishi huo huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Siku ile, kazi ya picha ilikuwa imeijaza diski pomoni, na kila ujumbe ukasubiri zaidi ya sekunde tisa. Sekunde tisa si kitu kwa mtu wa kwanza. Kwa mtu wa mwisho zilikuwa zimelundikana zikawa karibu saa tano.

"Nilikaa chini nikajiambia, hili mimi nalijua," anasimulia Kache. "Hili nimelelewa nalo."

Alilelewa Bura, kwenye mradi wa umwagiliaji, ambako baba yake, Mzee Kalama, alikuwa mlinda malango ya mfereji kwa miaka ishirini na sita. Ufunguo wa kufuli za malango ulining'inia shingoni mwake hata alipokwenda kanisani. Kila asubuhi, kabla ya kugusa lango lolote, aliendesha baiskeli hadi shamba la mwisho kabisa, akashuka, akachota udongo na kuufinyanga mkononi.

"Watu wa mwanzo wa mfereji hawakosi maji kamwe," anaeleza Kache. "Ukiwauliza hao, watakuambia mradi mzima umenyweshwa. Baba alianzia mwisho. Akikuta udongo umelowa huko, ndipo anarudi kunywa uji."

Kache akazigawa kazi za kompyuta katika makundi matatu, akayapa majina: Tahadhari, Ofisi na Picha. Mfumo unaoendesha mashine humruhusu fundi kuliwekea kila kundi kikomo cha kasi ya kusoma na kuandika kwenye diski, ili kazi zote zilizomo ndani ya kundi hilo zigawane fungu moja tu. Kundi la Tahadhari alilipa kipaumbele kuliko mengine yote. Picha, ambalo lilikuwa limezoea kumeza megabaiti tisini kwa sekunde, akalibana lisizidi nane.

Januari mwaka huu alilijaribu lango lake jipya. Aliwasha kazi ya picha na kutuma ujumbe wa majaribio. Kwa dakika moja mambo yalikwenda vizuri. Kisha taa nyekundu ikaganda, na ujumbe ukaanza kujikokota kama mwaka jana.

"Nilikagua kikomo mara kumi," anasema. "Nane. Nimeandika nane, mashine inasoma nane, lakini diski inafurika. Nilitaka kulia."

Jioni alimpigia baba yake simu, si kwa kutafuta ushauri bali kwa kulalamika. Mzee Kalama, ambaye hajawahi kushika kompyuta, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Bwawa je?"

"Bwawa gani, baba?"

"Mwanangu, umesahau? Pale kwetu mfereji ulikuwa na bwawa, maji yakilala humo usiku. Mwaka mmoja nilibana lango likabaki wazi vidole vinne tu, nikalala. Kulipokucha, mashamba ya juu yanaogelea na ya chini vumbi. Watu wa juu walikuwa wamejaza bwawa mapema, wakafungulia mdomo wake. Mimi nalinda lango, wao wananicheka pembeni. Hiyo mashine yako haina mahali maji yanalala?"

Mashine ilikuwa napo. Kazi inapoandika, maandishi hayaendi diskini moja kwa moja. Hutua kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, na baadaye mfumo wenyewe huyakusanya na kuyamwaga diskini kwa mkupuo. Katika toleo la zamani la mfumo alilokuwa akilitumia, umwagaji huo ulihesabiwa kuwa kazi ya mfumo, haukuandikwa kwenye fungu la kundi lolote. Kundi la Picha lilikuwa likijaza bwawa kwa kasi litakayo, na lango lake la megabaiti nane halikuwa likiona kitu.

Ilimchukua majuma matatu ya kusoma na kujaribu. Hatimaye aliweka toleo jipya, ambalo huhesabu kumbukumbu ya muda na diski kwa pamoja, na humtambua aliyejaza bwawa hata maji yanapotoka baadaye. Akalibana kundi la Picha pande zote mbili. Kisha akaenda hadi malishoni kumtafuta Diba.

"Nilimwomba asiitupe namba yetu mpaka apate ujumbe mmoja zaidi," anasema Kache. "Na ukifika, anipigie."

Diba alicheka bila furaha. "Nikupigie? Na salio ya nani?"

"Mlio mmoja tu, kisha ukate."

"Mlio mmoja," alikubali Diba. "Nikiwa ndani ya maji, mlio hakuna."

Leo ndiyo siku yenyewe. Mvua imenyesha huko mto unakotoka kwa juma zima, na vipimo vinapanda tangu juzi. Na kana kwamba hayo hayatoshi, leo pia ndiyo siku ya ripoti. Picha zinapaswa kuwa tayari saa kumi alasiri, lakini kwa kasi aliyoiruhusu Kache hazitakamilika kabla ya saa mbili usiku.

Mwalimu Reuben ameingia na kutoka mara nne. Sasa anaingia mara ya tano.

"Kache, fungulia kidogo. Nusu saa tu, halafu ubane tena."

"Mwalimu, kipimo kimebakiza sentimita sita."

"Kwa hiyo bado hakijavuka."

"Hao wa mwanzo wa mfereji nao walikuwa wakisema hivyo hivyo kwa baba yangu."

Salama anacheka, kisha anajifanya anakohoa. Mwalimu anamgeukia, halafu anaondoka akiwa ameshika kiuno.

Saa tatu na dakika arobaini na moja, kipimo kinavuka. Hakuna king'ora. Kwenye kioo cha kompyuta unatokea mstari mmoja wa maandishi, na papo hapo simu ya Mwalimu Reuben inalia katika chumba cha pili. Anatoka mbio, ameinyanyua juu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Umefika! Si mnaona? Haijapita hata sekunde. Sasa fungulia picha."

"La, Mwalimu."

"Ujumbe si umefika?"

"Umefika kwako. Wewe ndiye wa kwanza. Mimi namsubiri wa mwisho."

"Wewe na Diba wako," anasema Mwalimu, lakini safari hii haondoki. Anaegemea ukuta.

Kwa hesabu ya Kache, orodha nzima inahitaji dakika kumi na mbili. Taa inapepesa. Namba ya mia mbili. Namba ya mia tano. Kache anatoka hadi mlangoni, anarudi. Barabarani wanapita wanawake wawili wamebeba magodoro vichwani, maana habari imekwisha kuenea mjini. Namba ya elfu moja. Kazi ya picha inaendelea kwa mwendo wake wa megabaiti nane, haizidishi, haikomi. Taa inapepesa.

Saa tatu na dakika hamsini na tatu, mashine inaandika kwamba namba ya 1,846 imetumiwa.

Simu ya Kache iko mezani, kioo juu. Haiiti.

"Mtandao," anasema Salama kwa upole. "Huko bondeni mtandao wasumbua."

Dakika moja inapita. Ya pili. Kache anaishika simu, anaitazama kana kwamba imeharibika, anairudisha. Mwalimu Reuben ameacha kuitaja ripoti yake. Anaitazama simu iyo hiyo. Dakika ya nne, Kache anaufikia mkoba wake, na ni dhahiri kwamba anataka kwenda huko mwenyewe kwa pikipiki.

Simu inaita. Inaita mara moja, mara mbili, mara tatu, na haikatwi. Kache anaipokea na kuifungulia spika.

"Diba?"

Nyuma ya sauti zinasikika kwato na miluzi.

"Mama ya komputa! Nilikuwa nageuza ng'ombe kwanza. Wewe na ng'ombe, ng'ombe inatangulia."

"Maji yako wapi?"

"Maji? Maji gani? Mimi nasimama kwa vumbi." Anacheka, na safari hii ni kicheko cha kweli. "Wale arobaini wote wanapanda kwa mwinuko. Salio yangu imekwisha kwa ajili yako, sikia…"

Simu inakatika.

Salama anapiga kofi moja la furaha. Mwalimu Reuben anajifuta uso kwa kitambaa, kisha anasema polepole kwamba atawaandikia wafadhili kuwaomba siku moja zaidi. Kache anamshukuru, lakini mikono yake tayari iko kwenye kibodi. Mto haujafika kilele, na huenda tahadhari ya pili ikahitajika kabla ya jioni.

Ana mipango. Anataka diski ya pili, ili picha ziwe na makao yao. Anataka kumfundisha Salama jinsi ya kubana na kulegeza malango, yeye Kache asije akaugua siku moja na ufunguo ukabaki shingoni mwake peke yake. Lakini lililo karibu zaidi amekwisha kulianza, akiwa amesimama vile vile, kiti kitupu nyuma yake: anaipanga upya orodha ya simu, wanaoishi mabondeni watangulie, wanaoishi juu wafuate.

Mwalimu Reuben anainama kuangalia kioo. Anatafuta jina lake mwanzoni, halipo. Anashuka, anashuka, anaendelea kushuka.

"Elfu moja mia nane arobaini na sita," anasoma hatimaye. "Umeniweka wa mwisho kabisa?"

"Ndiyo, Mwalimu," anajibu Kache. "Ikichelewa tena, nataka uwe wa kwanza kukasirika."