Baiskeli Mbili kwenda kwa Jirani

Hapa Issuna mtu akipita na baiskeli, huna haja ya kumuuliza aendako. Angalia keria. Gunia la alizeti linakwenda mashineni, madumu yanakwenda kisimani, tenga la kuku linakwenda sokoni. Mimi ni mtu wa tenga. Nilianza nikiwa darasa la sita. Baba alikuwa amekwenda machimboni asirudi, na mama naye akafariki, tukabaki watatu, mimi nikiwa mkubwa. Niliacha shule, nikawa nanunua kuku majumbani na kwenda kuwauza Ikungi. Wadogo zangu wakasoma. Sasa wa kiume anaendesha lori, na yule wa mwisho, msichana, ni mwalimu Singida Mjini.

Kwa hiyo niliposema kwamba tukishavuna alizeti, mimi na jirani yangu fundi cherehani tutaendesha baiskeli mpaka Rwanda kutembea, hakuna aliyeelewa.

"Huko kuna nini?" mdogo wangu wa kiume aliniuliza kwenye simu.

"Milima."

"Milima? Sekenke hujaiona?"

"Nimeiona."

"Sasa?" Akahamia Kinyaturu, kama anavyofanya akitaka nisimfiche kitu. Alitaka kujua kama nimepata mwanamume.

Kisimani umbea ulikuwa umeshakamilika kabisa. Wengine walisema kila mmoja wetu ana wake huko, wengine walisema ni mmoja na tutapigana tukifika. Jirani yangu, ambaye ni mjane na hana muda wa kukasirika, alijibu kwamba kama ni mmoja, basi mimi nichukue zamu ya kumpikia.

Ukweli ni mdogo kuliko hayo. Somo la mwisho ninalolikumbuka shuleni lilikuwa la nchi jirani. Mwalimu alituimbisha majina yake yote. Mimi nililielewa lile neno kama tunavyolielewa nyumbani. Jirani ni mtu unayeingia kwake bila kualikwa, ukaomba kaa la moto, ukakaa kidogo, ukaondoka. Hakuna anayekuuliza umefuata nini. Nikasema nikiwa mkubwa nitakwenda kwa mmoja wao nikakae kidogo. Ukubwa ukaja na kuku.

Mdogo wangu wa kiume hakuweza kukaa kimya muda mrefu, maana dereva akisikia watu wanapanga njia lazima aingilie. Jumapili moja alikuja, akaketi barazani kwa jirani, akatupangia: kushuka Sekenke, Igunga, Nzega, Kahama, halafu vilima mpaka Rusumo, kwenye daraja la mpakani. Alisema kwenda tutasukumwa na upepo, kwa kuwa upepo wa kwetu hutoka mashariki, ila kurudi tusijaribu, tupande basi na baiskeli ziingie kwenye buti.

"Na mkishavuka daraja, mnahamia kulia," akasema. "Wenzetu kule hupita kulia. Mkisahau, hamtarudi na baiskeli."

Tukaanza kujizoeza hapa hapa kijijini, jioni, kwenye njia ya kwenda kanisani. Kona ya kwanza tukakutana uso kwa uso na mzee mmoja anayerudi na ng'ombe wake. Wale ng'ombe walijua upande wao. Sisi tukaishia kwenye miba.

"Shikamoo, babu," nikasema nikiwa chini.

"Marahaba. Mmelewa?"

"Hapana, babu. Tunajifunza Rwanda."

"Basi kajifunzieni Rwanda!"

Kilichonishinda zaidi ya kupita kulia ni wepesi. Sikuwa nimewahi kwenda mbali bila tenga. Baiskeli ilinikimbia, usukani ukayumba kama wa mtoto. Jirani alicheka mpaka akashuka. "Umezoea abiria wanaopiga kelele, wewe." Akanishonea mabegi mawili ya turubai ya kuning'iniza pembeni, ili nipate uzito wangu.

Aliyekataa ni mdogo wangu wa mwisho, yule mwalimu. Alipokuwa mdogo, kila asubuhi nikitaka kuondoka na kuku alishika gurudumu la nyuma, na hakuliachia mpaka nimwambie nitamletea nini. Kashata. Muwa. Ndizi mbivu. Nikishataja, anaachia, na jioni namletea nilichotaja.

Alikuja Jumamosi, akaikuta baiskeli imeegeshwa ukutani na mabegi yake mapya. Tukaketi kuchambua mlenda.

"Baba alikwenda machimboni, alikuwa na sababu," akasema. "Mama alikwenda hospitali, alikuwa na sababu. Hawakurudi. Wewe dada hata sababu huna."

Nilimwambia kwamba asiporidhika, siendi, na nilimaanisha. Nimewalea wale wawili, na sikuona raha ambayo ningeipata barabarani nikijua mmoja wao halali. Nikaweka mabegi chini ya kitanda, nikarudisha tenga kwenye keria. Jirani hakunisukuma. Alisema tu kwamba turubai haliozi.

Alizeti ikakauka, tukavuna, tukapiga, tukapeleka mashineni. Upepo ukaanza kuvuma kwa nguvu zake za kila mwaka, kuelekea kule kule.

Siku moja nikiwa sokoni Ikungi, kuku wawili mkononi na mteja akiwapapasa vifua, simu ikaita, ni yule wa mwisho. Nilisikia kelele za watoto nyuma yake, nikajua yuko shuleni.

"Dada, yale mabegi bado yapo?"

"Yapo chini ya kitanda."

Mteja wangu akachagua yule mwekundu. Nilidhani simu imekatika.

"Utaniletea nini?"

Nilifungua mdomo niseme kashata. Halafu nikakumbuka kwamba safari zote zile nilikuwa najua kilichoko sokoni kabla sijaondoka nyumbani.

"Sijui," nikamwambia. "Sijui kwao wanauza nini."

"Basi nenda ukaangalie."